Mafuta ya ufuta kwa goti la bibi, hospitali kwa goti la mtoto



Mvua zikishika huku kwetu Kagera, ujumbe wa magoti huongezeka kwenye simu yangu. Wiki hii mmoja umenifanya niahirishe mada niliyokuwa nimeiandaa. Mama mmoja wa Muleba anaishi na mama mkwe wake, mzee anayeamka amekakamaa magoti na vidole hadi jua lipande. Kwenye kundi la WhatsApp ameona tangazo la unga wa mifupa unaoitwa dawa ya Kihindi, Ayurveda. Kopo moja ni dozi ya mwezi, na maumivu eti huisha kwa siku tatu. Anauliza mambo mawili. La kwanza, amnunulie mzee? La pili, mwanawe wa miaka minane naye analalamika goti: je, ampe nusu kijiko cha unga huo huo?

Jibu fupi ni hili. Kopo lile asinunue. Mtoto asipewe hata chembe, na goti lake likaonwe na daktari. Lakini ndani ya hiyo Ayurveda yamo mambo mazuri ambayo mzee anaweza kufanyiwa nyumbani kuanzia jioni ya leo, bila kopo na bila tangazo. Naomba tuyatenganishe, kwa sababu najua swali hili si la nyumba moja.

Ayurveda ni nini hasa

Ayurveda ni tiba ya asili ya India. Jina lake ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya huko: "ayus" ni uhai, "veda" ni elimu. Vitabu vyake vikuu, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vina umri wa karibu miaka elfu mbili. Kwa wenyewe si jambo la vichochoroni. India ina wizara kamili ya tiba asili, iliyoundwa mwaka 2014, na anayetaka kuwa daktari wa Ayurveda husoma chuoni miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo kwa vitendo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha kimataifa cha tiba asili huko Jamnagar, jimbo la Gujarat, jimbo ambalo ndiko walikotoka mababu wa familia nyingi za Kihindi zilizofungua maduka Afrika Mashariki.

Kwa hiyo neno lenyewe si utapeli. Utapeli huanza pale mtu ambaye hujui alisomea wapi anapolibandika kwenye kopo lisilo na anuani.

Elimu hiyo inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata yenye tabia ya upepo, pitta yenye tabia ya moto, na kapha yenye tabia ya maji na udongo. Vata ni baridi na kavu. Ikizidi, viungo hukauka, hulia na kuuma. Dawa ya ukavu ni mafuta, na dawa ya baridi ni joto.

Sasa sikiliza jina tulilonalo sisi wenyewe: baridi yabisi. Yabisi ni neno lililotoka Kiarabu, maana yake kavu. Baridi na ukavu! Ndiyo maana mzee wako akisikia maelezo ya Kihindi anaona yanamwingia akilini kuliko ya daktari. Ni lugha ambayo tayari anaijua.

Hospitali inasema nini

Hospitali inaeleza kwa namna nyingine. Kwenye ncha za mifupa inapokutana kuna gegedu, kitu laini na chenye utelezi kinachozuia mfupa usisuguane na mfupa mwenzake. Kwa watu wenye umri mkubwa sababu ya kawaida ya maumivu ni gegedu hilo kuchakaa, hasa kwenye magoti, nyonga na vidole. Tazama kazi za wazee wetu: miaka arobaini ya kupanda mlima na ndoo kichwani, kuinama kwenye migomba, kubeba magunia ya kahawa. Kuna goti lisilochoka hapo?

Baridi ya asubuhi hailili gegedu. Inachofanya ni kukaza misuli na kuyafanya maumivu yasikike zaidi, na ndiyo maana joto huleta nafuu ya kweli hata kama maelezo ni tofauti.

Lakini kuna ugonjwa wa pili, ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na unaweza kuanza mtu akiwa bado kijana. Namna ya kuushuku ni saa. Goti lililochakaa kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Ugonjwa wa kinga humkakamaza mtu saa nzima au zaidi, mara nyingi kwenye vidole vya mikono yote miwili, na viungo huvimba. Hata madaktari wa Ayurveda huyatenganisha haya mawili: la kwanza huliita sandhivata, la pili amavata.

Kwa nini nasisitiza tofauti hiyo? Kwa sababu ugonjwa wa pili una dawa za hospitali zinazoupunguza kasi, na kila mwezi unaopita bila dawa vidole hupinda na havirudi. Mzee wetu wa Muleba anakakamaa hadi jua lipande, tena na vidole. Huyo, pamoja na mafuta nitakayoyaeleza hapa chini, anahitaji kupimwa.

Wa tatu ni jongo, wengine huliita gauti. Hili huja ghafla usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Kinakuwa chekundu, cha moto, na hata shuka likigusa mtu analia. Pombe, rubisi ikiwemo, na nyama nyingi hulichochea. Hapo kukanda hakusaidii, kunaongeza kilio.

Mafuta na joto

Hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekichukua kutoka kwa Wahindi bila wasiwasi. Mafuta wanayoyapenda zaidi kwa kukanda ni ya ufuta. Ukiyakosa, ya nazi yanafaa, na samli safi pia ilitumika tangu zamani. Fanya hivi:

Weka mafuta vijiko vitatu au vinne kwenye kikombe, kikombe kikae ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika tano. Usiyaweke moja kwa moja kwenye jiko. Jaribu tone moja kwenye kifundo cha mkono wako. Yawe ya uvuguvugu, yasichome. Ngozi ya mzee ni nyembamba na wengi wenye kisukari hawasikii moto vizuri miguuni, kwa hiyo mkono wako wewe ndio kipimo.

Kanda kwa kiganja chote. Kwenye paja na muundi pitisha mkono kwa urefu, kwenye goti zungusha polepole. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Kisha chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, lifunike goti kwa dakika kumi na tano. Jioni kabla ya kulala ni wakati mzuri, na asubuhi kwa anayeamka amekakamaa.

Usikande kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, wala penye kidonda, wala mtu mwenye homa. Usikande mguu mmoja uliovimba ghafla kwenye shavu la mguu, kwa sababu huenda ndani kuna damu iliyoganda na kuikanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Huo ni mguu wa hospitali siku hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu mafuta ya nyonyo. Ayurveda huwapa baadhi ya wagonjwa wayanywe, chini ya uangalizi. Hapa nyumbani yabaki ya kupaka tu. Yakinywewa huharisha vibaya, na kwa mjamzito ni hatari.

Je, mafuta hurudisha gegedu? Hapana. Yanalegeza misuli, yanapunguza maumivu na yanamlaza mzee usingizi. Na kuna jambo ambalo halimo kwenye chupa: mtu anayekaa chini, anashika miguu ya mzee robo saa na kumsikiliza. Mjukuu wa darasa la sita anaweza kazi hiyo.

Viungo kwa ajili ya viungo

Kiswahili kina utani wake: viungo vya mwili na viungo vya mchuzi ni neno moja. Ayurveda inaamini sana jikoni, na manjano ndiyo yanayotajwa kila mahali.

Yamefanyiwa utafiti. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo ya wagonjwa 367 wenye magoti yaliyochakaa. Nusu walipewa vidonge vya manjano yaliyokamuliwa, nusu wakapewa dawa ya maumivu ya ibuprofeni. Baada ya wiki nne nafuu ilikaribiana. Habari njema, ila soma vizuri: vidonge vile vilikuwa na nguvu ya manjano iliyokusanywa. Unga wa kawaida una asilimia tatu hivi tu ya kiini hicho. Kufikia dozi ile kwa kijiko cha chai ungehitaji zaidi ya vijiko kumi kwa siku, na hakuna mchuzi unaobeba hivyo.

Kwa hiyo manjano ni chakula kizuri chenye msaada mdogo. Ukitaka kumtengenezea mzee maziwa ya manjano kama Wahindi wanavyofanya, chemsha kikombe cha maziwa na nusu kijiko cha chai cha manjano na punje chache za pilipili manga zilizotwangwa, kwa dakika tano. Pilipili manga husaidia mwili kuyanyonya. Tangawizi kwenye chai nayo si mbaya.

Ukiweza, nunua mizizi ya manjano utwange mwenyewe. Huko Bangladesh mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi baadhi ya wasindikaji walivyokuwa wakipaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, hadi serikali ikaingilia kati. Unga unaong'aa kupita kiasi usikuvutie.

Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asizidishe manjano wala tangawizi zaidi ya kiasi cha chakula bila kumuuliza daktari. Na vidonge vya manjano vyenye nguvu nyingi vimewahi kuwaumiza watu ini, hivyo usivinywe kiholela kwa sababu tu ni vya asili.

Ubani nao unaulizwa. Uko ubani wa India ambao dawa yake iliyosafishwa imeonyesha kupunguza kidogo maumivu ya magoti. Ule unaouzwa hapa kwa kufukiza nyumba ni wa kufukiza. Usiusage ukaunywa.

Dawa inayokimbiwa: kujongea

Yoga ilitoka huko huko India, lakini huhitaji mkeka wala mavazi maalumu. Mzee akiuma goti sisi humwambia akae, na kukaa ndiko kunakomaliza misuli inayolishikilia goti. Mazoezi mawili yanatosha kuanza.

La kwanza, akae kwenye kiti imara, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka paja likaze, ahesabu hadi tano, aushushe. Mara kumi kila mguu. La pili, asimame kutoka kwenye kiti na kukaa tena polepole, akishika meza ikibidi, mara tano hadi kumi. Asubuhi na jioni. Kuuma kidogo siku za mwanzo ni kawaida, kuvimba siyo.

Uzito ni jambo ambalo tunalionea haya kulisema. Utafiti wa magoti umeonyesha kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Anayepunguza kilo tano tu amelitua goti mzigo wa ndoo kubwa ya maji. Na kwa habari ya ndoo, ile ya lita 20 ina kilo 20. Igawe kwenye madumu mawili madogo, au ipande baiskeli na toroli, au ibebwe na vijana wanaozungusha simu barazani.

Chakula cha mifupa kiko hapa hapa ziwani. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana madini ya kalisi. Ndizi ikipikwa na maharage, dagaa na mboga za majani ni sahani kamili. Ndizi peke yake na chumvi siyo.

Kopo la siku tatu

Sasa turudi kwenye tangazo. Kitu kinachomaliza maumivu ya miaka kumi kwa siku tatu kinapaswa kukutia hofu kuliko furaha.

Hofu ya kwanza ni dawa za hospitali zilizofichwa ndani. Katika nchi nyingi unga na vidonge vinavyouzwa kama miti shamba ya viungo vimekutwa vimechanganywa na dawa kali za maumivu kama diklofenaki, au dawa za jamii ya steroidi, zikiwemo zile ambazo mtaani tunaziita dexa. Mzee anapona kweli, anainuka, anacheza. Anasifu. Kisha baada ya wiki au miezi uso unakuwa wa duara, sukari inapanda, presha inapanda, tumbo linachomeka, figo zinachoka, na mifupa ile ile iliyokuwa inatibiwa inakuwa myepesi kuvunjika. Akiacha ghafla anaweza kuzimia, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake. Kwa hiyo kama mzee wako ameshatumia kopo la namna hiyo kwa muda mrefu, usimnyang'anye usiku mmoja. Mpeleke hospitali na kopo lenyewe mkononi.

Hofu ya pili ni madini. Kuna tawi la Ayurveda linalotumia madini kwa makusudi, na waliosomea husema huyasafisha. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 70 za Ayurveda walizonunua kwenye maduka ya eneo la Boston. Bidhaa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 2008 wakachapisha matokeo ya nyingine 193 zilizonunuliwa kwenye intaneti, na karibu moja kati ya kila tano ikakutwa na madini hayo.

Hapa ndipo ile nusu kijiko ya mtoto inaponinyima usingizi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi inaingia kwenye ubongo unaokua, inapunguza akili na usikivu darasani, na haisemi. Hakuna kutapika, hakuna kulia. Utaona tu mtoto aliyekuwa mwepesi amekuwa mzito, na hutalikumbuka kopo.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Muuzaji wa kweli ana namba ya usajili na mahali anapopatikana. Muulize. Akianza kukwepa, akikwambia dawa yake inatibu viungo, presha, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja, umeshapata jibu.

Sisemi haya kudharau miti yetu. Wataalamu wa Muhimbili walishapita vijijini huku Bukoba, kata ya Bugabo ikiwemo, wakaandika mimea ambayo Wahaya wanatumia, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2009. Tiba inayoheshimiwa huandikwa, hupimwa na huulizwa maswali. Unga usio na jina hauwezi kudai heshima hiyo.

Goti la mtoto ni habari nyingine

Gegedu la mtoto wa miaka minane halijachakaa. Hajabeba kahawa miaka arobaini. Kwa hiyo kiungo chake kikiuma, kuna sababu nyingine ya kutafutwa.

Nianze na lisilo la hatari. Watoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na miwili huweza kuumwa miguu jioni au usiku, miguu yote miwili, kwenye misuli ya paja na muundi kuliko kwenye kiungo chenyewe. Asubuhi anaamka anakimbia kama hakuna kilichotokea. Hayo huitwa maumivu ya kukua, na mafuta yako ya uvuguvugu yanafaa kabisa. Mkande, mfunike, atalala.

Lakini usisubiri ukiona moja kati ya haya: kiungo kimevimba, ni chekundu au cha moto, ana homa, anachechemea au amekataa kukanyaga, ni upande mmoja tu na ni pale pale kila siku, maumivu yapo hata asubuhi, anapungua uzito au anatoka jasho usiku.

Mtoto mwenye homa na kiungo cha moto asichopenda kiguswe anaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo. Hapo tunahesabu saa, siku ni nyingi mno, maana usaha hula gegedu na anaweza kubaki kilema.

Viungo vinavyouma kwa kuhama, leo goti kesho kifundo, wiki mbili au tatu baada ya koo kuuma, vinaweza kuwa homa ya baridi yabisi. Jina linafanana na la bibi lakini ni kitu tofauti kabisa. Huwapata zaidi watoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano. Viungo hupona vyenyewe, na hapo ndipo mzazi anapojipongeza kwa mafuta yake, kumbe ugonjwa umehamia kwenye milango ya moyo. Mtoto aliyegundulika mapema hupewa sindano za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kuulinda moyo huo.

Tatu ni selimundu, tunayoiita sikoseli. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo inakoonekana zaidi. Kwa mtoto mchanga dalili ya kwanza inaweza kuwa mikono na miguu iliyovimba. Kwa mkubwa ni mifupa inayouma kwa vipindi, hasa akipata baridi au akikosa maji ya kutosha. Kipimo cha damu kinajibu swali hilo.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa. Kwa walio Muleba, hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo zipo. Kwa walio mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bukoba. Usikubali chale kwenye goti la mtoto, na usimpe asprini kwa kujipimia.

Kumwambia mzee bila kumvunjia heshima

Mama wa Muleba ana kazi moja ngumu kuliko zote: mama mkwe wake ndiye aliyelitaka kopo. Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba amedanganywa. Ushauri wangu ni kuanza na kumpa kabla ya kumkatalia. Leo jioni awashe maji, apashe mafuta, akae chini amkande. Kesho tena. Siku ya tatu au ya nne, magoti yakiwa yamelegea kidogo, amwambie, "Mama, twende wakatuangalie hivi vidole, wasije wakavipinda." Ni vigumu kumkatalia mtu aliyekushika miguu siku tatu. Ikishindikana, mtoto wake wa kumzaa, yaani mume, achukue jukumu lake. Mama ni wake.

Na mkifika kwa daktari, tajeni kila kitu anachotumia: mafuta, majani, unga, chai. Daktari mzuri hatawacheka. Asiyejua kwamba mzee ananywa kitu fulani anaweza kumwandikia dawa itakayogongana nacho.

Wiki ijayo nitajibu maswali yenu kuhusu watoto wanaokojoa kitandani, mada niliyoiahirisha leo. Usiku huu, kabla hujazima simu, lipitie lile kundi la WhatsApp. Kama tangazo la kopo bado lipo, na kama yupo ndugu aliyeandika kwamba anataka mbili, mpigie.